Baridi Itokayo Mbinguni

Katika mwaka 1775 Sir Robert Barker, jemadari aliyepata kuongoza majeshi ya Waingereza katika Bengal, aliwaletea wanachama wa Royal Society ya London taarifa fupi juu ya kazi aliyoiona Bara Hindi. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza barafu. Barafu ya asili Barker hakuiona hata siku moja katika nchi ile, lakini Allahabad na Calcutta walikuwapo mafundi walioipata kwa wingi wa kutosha kuburudisha vinywaji vya wakubwa katika miezi ya hari. Njia yao ilikuwa hii. Penye uwanja mpana ulio wazi walichimba mashimo ya mraba, kila upande futi 30 na kina futi 2. Ndani yake walitandika mabua makavu ya miwa au ya mahindi, unene wa inchi 8 hata futi moja. Juu ya mabua walipanga, safu kwa safu, visahani vya udongo vyenye kina cha inchi moja na robo tu. Jua lilipokuchwa walivitia maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa, wakaviacha. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, walirudi wakakusanya barafu kwa vikapu, wakaipeleka katika shimo refu la akiba lililotandikwa majani makavu na mablanketi, na huko ilikaa ikingoja kiangazi.

Majina ya mafundi hao hayakuandikwa na mtu. Taarifa ile ilihifadhi vipimo vya mashimo, unene wa mabua na kina cha visahani. Waliobuni mambo yote hayo ilitosha kuwaita watengeneza barafu. Hasara hii si ndogo, maana kazi yao ndiyo mzizi wa elimu ambayo wataalamu wa leo huitafuta katika maabara kwa fedha nyingi, nayo ni elimu ya kupoza vitu bila mashine, bila moto na bila umeme.

Waajemi nao walikuwa na hila ya namna hiyo. Pembezoni mwa jangwa, katika miji kama Meybod na Abarkuh, yamesalia majengo ya udongo yenye kuba ndefu iliyochongoka, ambayo huitwa yakhchal, yaani shimo la barafu. Kando ya kuba palijengwa ukuta mrefu wa kutia kivuli, na kivulini mwa ukuta huo palikuwa na vidimbwi vya maji machache. Katika usiku wa majira ya baridi maji yaliganda, yakavunjwa vipande, yakatiwa ndani ya kuba. Siku hizi Mwajemi akitaja yakhchal humaanisha jokofu lililomo jikoni mwake. Mswahili naye ana deni lake hapo, kwa maana neno barafu asili yake ni barf ya Kiajemi, ambayo maana yake ni theluji. Neno hilo limeingia pia katika lugha za Bara Hindi. Jina la kitu kile lilisafiri mbali kuliko kitu chenyewe, ambacho hakingevumilia safari ya jahazi.

Lakini maji yale yaliganda kwa sababu gani? Hili ndilo swali lililowasumbua wajuzi wa Ulaya. Jibu lililokuwa karibu ni lile la mtungi. Kila mtu ajua kwamba mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuwa maji kidogo hupenya udongo, hugeuka mvuke, na mvuke ukiondoka huchukua joto. Visahani vya Bengal vilikuwa vya udongo vilevile; kwa hiyo wengi waliona kwamba mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kama mvuke ndio uliofanya kazi, basi usiku wa upepo ungalileta barafu nyingi zaidi, kwa kuwa upepo huharakisha kukauka. Mafundi walijua kinyume chake. Upepo uliwaharibia kazi, na mawingu vivyo hivyo. Usiku wao mwema ulikuwa usiku mtulivu wenye nyota. Tena mabua yalipolowa waliyatoa wakatia makavu, jambo ambalo mtu ategemeaye mvuke asingejisumbua kulifanya.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa daktari wa hospitali, si mwanafizikia. William Charles Wells alizaliwa mwaka 1757 katika Charleston, Carolina Kusini, akafanya kazi ya udaktari London katika hospitali ya St Thomas. Alipokuwa mtu mzima mwenye afya dhaifu alikesha usiku mwingi katika bustani moja ya Surrey, akipima umande. Vyombo vyake vilikuwa vipimajoto, ubao na vifungu vya sufi. Kifungu kimoja alikiweka juu ya ubao ulioinuliwa kwa miguu yake, cha pili akakifunga chini ya ubao huohuo, kisha asubuhi akavipima uzito. Cha juu, kilichoitazama mbingu, kilipata umande mwingi. Cha chini, kilichozuiwa na ubao, kilipata kidogo tu. Ikiwa umande huanguka kama mvua au hupanda kutoka ardhini, kama watu walivyodhani, tofauti hiyo ingeelezwaje mahali ambapo hewa ni ileile? Wells alipitisha pia vipimajoto majanini, akaona kwamba usiku wa nyota majani huwa na baridi kuliko hewa iliyo juu yake, na kwamba wingu likipita majani hupata joto tena. Alikiri kwamba zamani aliwacheka watunza bustani waliofunika mimea michanga kwa majamvi mepesi, akiona kwamba jamvi jembamba haliwezi kuzuia baridi ya hewa. Baada ya majaribio yake alielewa kwamba jamvi halikuwa likizuia hewa. Lilikuwa likizuia mbingu.

Kitabu chake juu ya umande kilitoka mwaka 1814, na ndani yake alizipitia habari za barafu ya Bengal, akaonyesha kwamba visahani vile vilitoa joto lao kuelekea mbinguni kupita kiasi walichorudishiwa, na mabua makavu yakazuia joto la ardhi lisipande kufidia upungufu. Royal Society ilimpa nishani ya Rumford. Mafundi wa Allahabad walikuwa wameyatenda hayo kabla ya kitabu, wala hakuna aliyewapa chochote zaidi ya ujira wao.

Yafaa maelezo ya Wells yawekwe katika lugha ya leo, maana mengine yote hutegemea hapo. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, hata jiwe, hata mwili wa mtu, hata barafu yenyewe. Mionzi hiyo haionekani kwa macho kwa sababu mawimbi yake ni marefu kuliko yale ya nuru. Anga ya juu kabisa, kupita hewa ya dunia, ina baridi ya nyuzi 270 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Kama hewa isingekuwapo, kila paa lingemwaga joto lake huko bila kizuizi. Hewa, hasa mvuke uliomo ndani yake, huizuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo na kuirudisha chini kama blanketi. Lakini blanketi lina tundu. Mawimbi yenye urefu wa mikromita 8 hadi 13 hupita bila kuzuiwa sana, na kwa bahati njema vitu vyenye joto la kawaida la dunia hutoa mionzi yao mingi papo hapo. Wingu huliziba tundu hilo. Usiku mkavu hulifungua wazi. Wakulima wa chai katika nyanda za juu za Kericho huujua usiku wa namna hiyo kwa uchungu, maana ndio uletao sakitu ya kuunguza majani.

Katika karne ya 19 ufundi wa Bengal ulikufa, na haukuuawa na elimu bora zaidi. Uliuawa na biashara. Mwaka 1833 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alipakia katika merikebu Tuscany tani 180 hivi za barafu iliyokatwa katika maziwa ya Massachusetts, akaituma Calcutta. Baada ya miezi minne baharini zilibaki tani zipatazo 100, nazo zilikuwa safi na kubwa kuliko magamba ya barafu yaliyokwanguliwa visahanini. Baadaye mashine za kugandisha maji zikaishinda biashara ya Tudor nayo. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi kijana, alitengeneza katika Brooklyn mtambo wa kurekebisha hewa ya nyumba ya uchapaji, na kutoka hapo ndipo kilipotokea kiyoyozi. Kiyoyozi hakilipotezi joto. Hulitoa chumbani na kulitupa njiani, na kwa kazi hiyo ya uhamali hula umeme. Mwaka 2018 Shirika la Nishati la Kimataifa lilikadiria kwamba viyoyozi na feni hutumia kiasi cha sehemu moja katika kumi ya umeme wote wa ulimwengu, na kwamba viyoyozi bilioni 1.6 vilivyokuwapo vyaweza kufika bilioni 5.6 ifikapo mwaka 2050. Mwenye uwezo hupoa, na jirani yake huongezewa joto kwa kiasi kilekile na ziada.

Mawazo ya kurudi kwenye mbingu hayakutoweka kabisa. Félix Trombe, Mfaransa ambaye sifa yake kubwa ni matanuri ya jua katika milima ya Pyrénées, alifanya majaribio ya kupoza kwa mionzi katika miaka ya 1960. Mwaka 1973 Harold Hay alijenga nyumba katika Atascadero, California, iliyobeba mifuko ya maji juu ya paa. Katika kiangazi mchana mifuko ilifunikwa, usiku ikafunuliwa ili maji yapoe chini ya nyota na kuwapoza wenyeji kutwa iliyofuata. Mwaka 1975 wataalamu wa Napoli walijaribu nyuso zilizochaguliwa ili zitoe mionzi katika tundu lile la hewa, na miaka michache baadaye Wasweden wakaendelea na utafiti huo kwa tando nyembamba za oksidi ya silikoni. Karibu kila mmoja wao aligonga mwamba uleule, nao ni jua.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule. Jua la adhuhuri huangusha kiasi cha wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba. Baridi ambayo uso mzuri waweza kuipata kutoka mbinguni ni wati 100 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Basi uso ukinyonya sehemu moja tu katika kumi ya jua, faida yote imeliwa. Rangi nyeupe ya kawaida hunyonya kiasi hicho au kupita, na kosa si la fundi rangi: unga wa titani unaoipa weupe hunyonya ile sehemu ya mionzi ya jua isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya zambarau. Kwa hiyo jambo la kupoza mchana lilihitaji kitu chenye tabia mbili zinazopingana. Kwa jua kiwe kama kioo kisichokubali chochote. Kwa mionzi mirefu kiwe kama kitu cheusi kitoacho kila kilicho nacho. Maumbile hayakukiweka kitu hicho mahali pa kuokotwa.

Aliyekitengeneza alikuwa kijana aliyekulia Kanada, Aaswath Raman, ambaye kila kiangazi alipelekwa Mumbai kuwaona babu na bibi yake, na hivyo akaijua hari ya Bara Hindi kwa ngozi yake. Alipokuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford aliyakuta maandiko ya zamani juu ya kupoza kwa mbingu ya usiku. Yeye na mwalimu wake Shanhui Fan walikuwa wachunguzi wa namna nuru inavyopita katika tabaka nyembamba mno, na elimu hiyo ndiyo waliyokosa akina Trombe. Mwaka 2013, pamoja na Eden Rephaeli, walitangaza hesabu zilizoonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Novemba 2014 jarida la Nature lilichapisha jaribio lenyewe. Juu ya kisahani cha silikoni walikuwa wametandaza fedha, na juu ya fedha tabaka saba za oksidi ya hafni na za silika, ambazo unene wake zote pamoja haukufika mikromita 2. Kisahani kilirudisha asilimia 97 ya nuru ya jua. Kiliwekwa juu ya paa la Stanford, katika kisanduku kilichofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki ili upepo usikipashe moto. Chini ya jua lililozidi wati 850 kwa mita ya mraba, kilikuwa na baridi kuliko hewa iliyokizunguka kwa nyuzi 4.9.

Nyuzi 4.9 ni kidogo kwa mtu aliyezoea jokofu. Lakini jokofu halilali juani. Tangu kale watu waliufahamu usiku kuwa wakati wa mbingu kupokea na mchana kuwa wakati wa mbingu kutoa, na hapo palikuwa na kipande cha kitu kilichotoa mchana kuliko kilivyopokea. Mwaka 2017 Raman, Fan na Eli Goldstein waliweka juu ya paa vibao vya namna hiyo vilivyopitishwa maji chini yake, na maji yakashuka hata nyuzi 5 chini ya joto la hewa. Kutokana na hesabu zao, jengo la ofisi la ghorofa mbili katika Las Vegas lingeweza kupunguza umeme wa kupozea kwa asilimia 21 katika kiangazi. Watatu hao wakaanzisha kampuni, SkyCool Systems, na Raman akawa mwalimu katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles.

Fedha na hafni si vitu vya kuezekea vibanda, na hili lilionekana upesi. Mwaka 2017 Xiaobo Yin, Ronggui Yang na wenzao wa Colorado walitoa utando wa plastiki uliochanganywa na vidonge vidogo mno vya kioo, wa kukunjuliwa kama kitambaa cha jora, wenye nguvu ya kupoza wati 93 kwa mita ya mraba jua likiwa utosini. Mwaka uliofuata kundi la Yuan Yang na Nanfang Yu katika Columbia lilitengeneza rangi ya plastiki iliyojaa matundu madogo ya hewa, isiyohitaji fedha wala kioo. Kisha Xiulin Ruan wa Purdue akageukia vitu vya kawaida zaidi. Rangi yake ya mwaka 2020 ilitumia kalsiamu kaboneti, ikarudisha asilimia 95.5 ya jua. Ile ya mwaka 2021 ilitumia bariamu salfeti, ikafika asilimia 98.1 na kuwa na baridi chini ya hewa kwa nyuzi 4.5 hata mchana.

Hapa Mswahili ana haki ya kusimama kidogo. Kalsiamu kaboneti ndiyo inayobaki ukutani baada ya chokaa kukauka. Waashi wa Lamu na wa Unguja walichoma matumbawe wakapata chokaa. Wakaizimua kwa maji, wakaipaka. Nayo ikavuta kaboni kutoka hewani ikarudi kuwa kitu kilekile matumbawe yalivyokuwa. Haifai mtu aseme kwamba waliitangulia Purdue. Ruan alichanganya chembe za ukubwa mbalimbali ili kila saizi irudishe sehemu yake ya nuru, tena akazijaza kwa wingi kupita desturi ya rangi, yaani asilimia 60 ya ujazo wote. Ukuta wa chokaa haukupata kuwa na baridi kuliko hewa adhuhuri. Walakini weupe ule haukuwa pambo tupu, na mtu anayeishi chini ya bati lenye kutu saa nane mchana anaweza kueleza tofauti bila kipimajoto.

Kuhusu pwani yenyewe ni lazima mizani itumike. Tundu la hewa hufunguka kwa ukavu, nayo pwani ya Afrika Mashariki haina ukavu. Rangi ya Columbia ilipojaribiwa katika jangwa la Arizona ilishuka nyuzi 6 chini ya hewa. Ilipopelekwa Bangladesh, penye unyevu kama wa pwani, ilishuka nyuzi 3. Kwa hiyo Dodoma ina la kutumaini zaidi kuliko Tanga, na Turkana zaidi kuliko Mombasa. Hata hivyo faida ya kwanza ya paa jeupe, yaani kulikataa jua, haitegemei ukavu wa hewa, na kwa bati hiyo ndiyo faida kubwa.

Liko pia suala la vumbi, ambalo hutajwa kwa haraka katika majarida ya wataalamu na ambalo kwa mwenye paa ni kubwa kuliko yote. Rangi yenye kurudisha asilimia 98 ikipata vumbi jekundu la miezi mitatu haitarudisha asilimia 98 tena. Kila asilimia moja inayopotea ni wati 10 katika zile 100 za faida. Mafundi wa Allahabad walitoa mabua yaliyolowa na kutia makavu. Paa la leo nalo litahitaji mtu wa kupanda na ndoo, na gharama yake bado haijaandikwa katika hesabu za mtu yeyote anayeiuza rangi hiyo.

Mwaka 2019 Raman alitangaza jaribio jingine alilofanya na Wei Li na Fan. Walichukua kisahani cheusi kilichoelekezwa mbinguni usiku, wakakiunganisha na kidude kinachogeuza tofauti ya joto kuwa umeme. Kisahani kilipoa kuliko hewa, umeme ukapita, taa ndogo ikawaka juu ya paa la Stanford pasipo betri wala jua. Nguvu yake ilikuwa milivati 25 kwa mita ya mraba, ambayo haimtoshi mtu kusomea. Vifaa vyote vilinunuliwa dukani.